Mabinti Wakubwa Wawili wa Mwalimu

Ndugu yangu nilimpata matangani, na tulianza kugombana kabla hatujasalimiana.

Msiba ulikuwa mtaa wa Hai Malakal, hapa Juba, nyumba chache kutoka ninapokaa. Aliyefariki alikuwa binamu wa baba yangu, mzee aliyepona vita vyote vya nchi hii halafu akaja kuuawa na ugonjwa wa sukari. Mimi nilikuwa na miezi michache tu tangu nirudi Juba kutoka Kenya, nilikolelewa. Vita vya mwisho vilikuwa vimetulizwa, waliokuwa wakipigana wamerudi kuketi kwenye serikali moja, na sisi tuliokuwa nje tulirudi mmoja mmoja, tukitanguliza mguu mmoja kama mtu anayepima maji. Msibani sikumjua mtu. Nilijua jina la marehemu na jina la baba yangu, basi.

Kwetu, kabla jeneza halijatoka uani, msemaji wa ukoo huita nyumba moja moja. Nyumba ikiitwa, mzaliwa wake wa kwanza husimama akaenda kuweka kitambaa juu ya jeneza. Baba yangu mwenyewe alikufa zamani, lakini nyumba yake bado inahesabika, kwa hiyo naye aliitwa. "Binti mkubwa wa mwalimu," msemaji akasema, "kama yuko hapa, asimame."

Nikasimama. Sikuwahi kuitwa hivyo mbele ya watu, na nilinyanyuka kwa madaha, nikaweka kitambaa changu vizuri begani. Upande wa pili wa turubai, karibu na masufuria, mwanamke mnene kidogo mwenye kilemba cha kijani naye akasimama.

Watu wakageuza vichwa. Nilimtazama yule mama kwa hasira. Juba hii imejaa watu waliokalia viwanja vya wenyewe wakati wa vita, nikajiambia, sasa wameanza kukalia na baba za watu. Yeye naye akanikunjia uso. Hapo ndipo nilipouona ule mkunjo katikati ya nyusi, ambao nauona kila asubuhi kwenye kioo changu.

"Wewe iko nani?" akaniuliza kwa Kiswahili cha Uganda.

"Binti mkubwa wa mwalimu."

"Apana. Binti mkubwa iko mimi. Wewe iko ile mdogo yangu nalikufa."

"Aliyekufa ni wewe," nikamjibu.

Sijui nani alimfikia mwenzake kwanza. Najua tulianguka chini pamoja kati ya viti vya plastiki, tukalia, tukacheka, kilemba chake kikamvuka, na maskini jeneza la watu likatusubiri. Msemaji alikuwa mtu wa busara. Alituacha tuweke vitambaa viwili.

Lazima nieleze jinsi watu wanavyoweza kufika umri wetu bila kujua nani alizaliwa kabla ya nani, maana niliowasimulia Nairobi hawakunielewa. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, akihamishwa kila mara, na sisi tulizaliwa mbali na ukoo wake. Vita vilipofika tulipokuwa tunaishi, yeye alitangulia kutafuta njia na hakurudi. Mama alitutoa kwa miguu akiwa mgonjwa, akafia njiani. Kwenye njia panda kulikuwa na malori mawili, moja likielekea Uganda, jingine likielekea mpaka wa Kenya. Mimi nikajikuta ndani ya moja na ndugu yangu ndani ya jingine. Tulikuwa watoto wa miaka mitatu, minne, mitano. Nani ajuaye?

Mimi nilichukuliwa na mjane mmoja aliyemfahamu baba kwa jina. Alinilea kambini, baadaye Nakuru, na kila nilipomuuliza asili yangu alinipa kisa kilekile. Niliposhushwa kwenye lori, alisema, nilikuwa nimefungwa kitambaa mgongoni na ndani hakuna kitu, na nilikuwa nikilia, "Mtoto wangu, mtoto wangu." Basi sote wawili tukaelewa kwamba nilikuwa na mdogo, nilikuwa nikimbeba, na nilimpoteza. Nilikua na kisa hicho. Kilinifanya niwe mtu wa kutangulia kuamka, wa kugawa chakula kabla ya kula, wa kuwaamuru wenzangu shuleni. Nikiri pia kwamba kilinivimbisha kichwa.

Ndugu yangu naye, huko kambini Uganda, alikulia kwenye kisa chake. Yeye hakusimuliwa na mtu; alikumbuka mwenyewe. Alikumbuka uzito mgongoni, fundo la kitambaa likimbana kifuani, na vumbi la njia. "Mimi nabeba wewe mgongo hii," aliniambia siku ileile ya msiba, akijipiga mgongoni. Nikamwambia anaota, mgongo uliobeba ni huu wangu.

Karatasi hazikutusaidia. Kambini, mtoto asiyejulikana alizaliwa lini aliandikiwa tarehe moja Januari, na karani alimkadiria mwaka kwa kumtazama meno na kimo. Tulipoweka vyeti vyetu mezani kimoja kando ya kingine, tulikuta makarani wawili, katika nchi mbili, wametuandikia mwaka mmoja. Kiserikali sisi ni mapacha.

Watoto wetu ndio walioteseka. Dada mkubwa wa mama yako ni mama mkubwa, na mdogo wake ni mama mdogo, hilo halina mjadala. Wanangu, kwa maelekezo yangu, walimwita ndugu yangu mama mdogo. Wanawe, kwa maelekezo yake, waliniita mimi mama mdogo. Siku za sikukuu nyumba nzima ilikuwa na akina mama wadogo wawili na mama mkubwa hakuna. Mimi mwenyewe sikuweza kumwita dada, kwa kuwa dada kwetu ni wa kumheshimu, nikaishia "ndugu yangu." Yeye aliniita "mdogo yangu" kwa sauti kubwa, hasa mbele ya wageni.

"Mathe, si mrushe tu shilingi?" binti yangu aliniuliza siku moja. "Hii stori yenu imezidi bana."

Nilimwambia shilingi haizai mtu.

Hata hivyo zilikuwa siku nzuri, sitaki mtu afikiri tuliishi kama paka na panya. Mimi nashona sare za shule na nguo za akina mama wa kanisa, kibanda changu kiko Nyakuron karibu na maduka madogo. Yeye analima Nesitu, kando ya barabara ya Nimule, bamia, kunde na mihogo, na huwauzia madereva wa malori wanaosimama pale. Kila Jumamosi alikuja mjini na gunia la mboga, akalitupa kibandani kwangu, akakaa kwenye kiti cha wateja na kuanza kunifundisha kazi. Sindano yako iko legevu. Kola iko pinda. Nami nilipokwenda kwake Nesitu nilimwonyesha namna ya kupanda bamia, mimi niliyelelewa mjini na sijawahi kushika jembe zaidi ya saa moja. Kila mmoja alikuwa amemngoja mdogo wake wa kumwelekeza tangu utoto, na sasa amempata, na mdogo haelekezeki. Tulicheka sana juu ya hilo, lakini hakuna aliyekubali kushuka. Nilikuwa nikimwambia kwamba tumekuwa kama serikali yetu ya umoja, makamu wengi na kila mmoja akijiona ndiye wa kwanza.

Mzaha uliisha binti yake alipochumbiwa.

Bibi harusi, mzaliwa wa kwanza wa ndugu yangu, anafundisha chekechea hapa mjini, msichana mpole kuliko sisi sote. Mchumba wake anatoka kwa watu ambao katika vita vya mwisho walikuwa upande mwingine. Watu wazima walikaa, wakaongea, wakasamehe lililosameheka, mambo yakaenda vizuri. Siku ya mwisho ya mazungumzo, mama wa bwana harusi akauliza swali dogo tu, kwa heshima zote: nani atakayemfungulia binti mlango?

Kwetu na kwao desturi hiyo ni moja. Asubuhi ya harusi, kabla bibi harusi hajavuka kizingiti, mzaliwa wa kwanza wa bibi yake mzaa mama humpaka mafuta ya simsim kwenye paji la uso na viganja. Humtamkia: "Mimi, wa kwanza wa tumbo la mama yetu, nakufungulia mlango. Nenda, uzae, urudi kutuona." Asiye wa kwanza akitamka maneno hayo, ni uongo uliosemwa juu ya mafuta, na binti hutoka kupitia mlango ambao haukufunguliwa. Hapo ndipo watu wanapoanza kuhesabu miezi na kumtazama tumbo. Bibi harusi mwenyewe, na elimu yake yote, aliniambia anaogopa.

Sasa tazama. Kama wa kwanza ni mimi, basi mimi mama mkubwa ndiye wa kumfungulia. Kama wa kwanza ni ndugu yangu, basi atamfungulia mwenyewe, yeye mama yake. Mmoja wetu angesema kweli na mwingine angesema uongo, na hatukujua nani ni nani.

Nilitaka iwe mimi. Naandika bila kuona haya, maana nimekwisha kulipia. Wakati huo nilijiambia ni kwa ajili ya bibi harusi. Uongo mtupu. Yale maneno, wa kwanza wa tumbo la mama yetu, niliyarudia nikiwa kwenye cherehani mpaka mguu ukaanza kukanyaga kwa mapigo yake. Mama sikumkumbuka sura. Baba sikumkumbuka sauti. Nilichopewa na watu hawa wawili ni nafasi yangu kwao, na nafasi hiyo mtu alikuwa anaitaka.

Tuligombana vibaya kibandani kwangu, mbele ya wateja. Nikamwambia kama kweli alinibeba, alinipotezaje. Akalikaza fundo la gunia lake. Kisha akasema, "Na wewe nalipoteza mimi namna gani?" Akabeba gunia lake likiwa na mboga zote, akapanda boda, akaenda zake. Jumamosi iliyofuata hakuja. Nilishona sketi nane siku hiyo na zote nikazifumua.

Ndipo ikaja habari ya kalto. Kalto ndivyo tunavyomwita hapa dada wa mama. Tulikuwa tumesikia kwa watu wa kwetu kwamba mama alikuwa na mdogo wake aliyekwenda kuishi naye. Tulijua pia alipotea. Kumbe alikuwa amechukuliwa na kupelekwa kaskazini, akaishi Khartoum miaka yote hiyo, akauza chai, akazeeka. Vita vya huko vilipolipuka, naye akakimbia kama sisi tulivyokimbia, ila yeye alikuwa anakimbilia nyumbani. Akiwa kwenye kambi ya waliorudi, mpakani, alikutana na mtu wa kwetu aliyemwambia mabinti wa mwalimu wako hai, wako Juba. Simu ikapigwa. Kalto atashuka na boti bandari ya mtoni, hapa Juba.

Hapa nitasema nililofanya. Simu ilinijia mimi. Boti ilikuwa ya Jumanne. Ndugu yangu nikamtumia ujumbe kwamba ni Alhamisi.

Nilikwenda bandarini na gauni jipya nililomshonea kwa kukisia kipimo. Alishuka bibi mwembamba, mrefu, aliyejitanda tobe, vazi refu la wanawake wa Khartoum, jeupe lililofifia, akiwa na mfuko mmoja, akanishika uso kwa mikono miwili, akaugeuza kulia na kushoto. Akalia kidogo. Nikampeleka nyumbani, nikamwogesha, nikampikia samaki na kisra, zile chapati laini za mtama. Kiarabu chake ni cha Khartoum na changu ni cha soko la Juba. Lugha ya nyumbani ninaiongea kama mtoto wa miaka minne, kwa sababu ndipo nilipoiachia, na kila nilipofungua mdomo alicheka. Nilicheka naye. Nilikuwa na furaha ya ajabu siku mbili zile, kulishwa kwa macho na mtu aliyenijua kabla sijajijua.

Lakini kila baada ya kikombe cha chai niliuliza. Kalto, nani mkubwa? Kalto, ni mimi, sivyo? Nilimkanda miguu huku nauliza. Alinijibu hivyohivyo kila mara: "Nikiwaona wote nitasema yote."

Alhamisi ndugu yangu alifika na kikapu cha bamia, akamkuta kalto amevaa gauni langu, miguu inang'aa kwa mafuta. Alinitazama. Akaweka kikapu chini taratibu, yeye ambaye mizigo huitupa. Nilitamani ardhi inimeze. Kisha kalto akamfungulia mikono, naye akaingia mle kama mtoto, mwanamke mzima na unene wake, na hasira ikaahirishwa.

Tuliketi kwenye mkeka barazani, yeye kulia kwa kalto, mimi kushoto. Bibi harusi alileta chai. Kalto alituvuta vichwa akavinusa, kimoja kimoja, kama wafanyavyo wanawake wa kwetu. Akafuta macho. Akatazama mlangoni, akatulia, akatazama tena.

"Haya," akasema. "Mwiteni na dada yenu, tuanze."

Ndugu yangu akaniangalia. Nikasema, "Kalto, ni sisi. Tuko wote."

"Nimewaona nyinyi wadogo," akasema kalto. "Dada yenu yuko wapi? Yuko kazini?"

Sikumbuki nani aliuliza dada gani. Nakumbuka kikombe cha kalto kikishuka polepole mpaka kwenye mkeka, na uso wake ukibadilika alipoelewa kwamba hatujui. Mtu wa kambini alikuwa amemwambia mabinti wa mwalimu wako hai, naye alisafiri njia yote ile akitutarajia watatu.

Alilia mbele yetu kilio cha msiba, kilio cha sauti, na sisi tulimshika bila kujua tunamlilia nani. Majirani walikuja kuchungulia ukutani. Alipoweza kusema, alisema taratibu, akirudia kila neno ili mimi na lugha yangu ya kitoto nisikose.

Alikuwepo msichana wa miaka tisa hivi, wa kwanza wa tumbo la mama. Mwembamba, mwenye maneno mengi, mkaidi. Mama alipofia njiani, kalto alibaki nyuma ili amzike dada yake, asimwache porini. Akamwambia yule mtoto atangulie na wadogo zake, afuate watu, asisimame, yeye atawakuta mbele. Hakuwakuta. Alikamatwa kabla hajamaliza kufukia.

"Lakini sisi tulibebana," nikasema. Nilisikia sauti yangu ikibembeleza. "Mimi nilimbeba huyu. Nilikuwa na kitambaa."

"Mimi nalibeba huyu," akasema ndugu yangu, ila kwa sauti ndogo.

Kalto akafikiri, halafu, katikati ya machozi, akacheka. "Magunzi," akasema.

Tulipokuwa tunatembea, alisimulia, mama bado yuko hai na yeye kalto amemshikilia, sisi wawili tulichoka tukalia tubebwe, na dada hakuweza kutubeba wote. Akaokota magunzi mawili ya mahindi. Akachana nguo yake, akatufunga kila mmoja gunzi lake mgongoni kama mtoto, akatukaza fundo kifuani. Akatuambia, sasa nyinyi ni akina mama, mna watoto, na mama halii njiani. Tukatembea. Tulitembea siku nzima na magunzi yetu, tukiyaimbia. Usiku alitubembelezea na hayo magunzi.

Ndugu yangu alijishika kifuani, mahali fundo lilipokuwa. Mimi sikuweza kufanya kitu. Maisha yangu yote nimemlilia mtoto niliyempoteza, na mtoto mwenyewe alikuwa gunzi la mahindi. Nilikuwa mtoto mdogo, nimechoka, na kulikuwa na mtu wa kunidanganya kwa upendo ili nifike.

"Kwenye malori," ndugu yangu akasema, "mimi iko kumbuka mukono. Mukono nasukuma mimi juu."

Hata mimi niliukumbuka. Niliukumbuka palepale aliposema, mkono mdogo mkavu chini ya mguu wangu, ukinisukuma juu kwenye chuma. Kwenye lori moja palikuwa na nafasi ya mtoto mmoja, kwenye lingine nafasi ya mmoja. Hayo ni makisio yetu. Kilichompata yeye hatukijui. Tumetangaza makanisani na redioni, tumetuma salamu kambi za Uganda na Kenya. Huenda ni mwanamke mzima mahali fulani, anaamuru watu. Kalto ana imani yake. "Nilimwambia awafikishe," alisema siku ile, "amewafikisha."

Yale ya Jumanne na Alhamisi nilimwungamia ndugu yangu kesho yake, nikiwa nimejiandaa kutukanwa. Alisema, "Mimi pia ningefanya," akaendelea kukata bamia.

Zilibaki siku nne kufika harusi. Zilikuwa siku za furaha, nashangaa kuandika hivyo, lakini ndivyo zilivyokuwa. Kalto alituambia habari za dada kila saa, na sisi tuliuliza kama watoto wa chekechea. Alikuwa anapenda nini? Maziwa yaliyoganda. Aliogopa nini? Bata. Alitupiga? Sana. Ndugu yangu alifurahi mno kusikia kwamba tulipigwa. Watoto wetu walitusikiliza wakiwa mlangoni, wakanong'onezana, na jioni binti yangu akaja na kuniuliza kama anaruhusiwa kusema, "Mama mkubwa aliogopa bata." Nikamwambia aseme.

Swali la mlango lilibaki. Kalto alilijibu kwa maneno machache: wa kwanza asipokuwepo huwatuma wadogo zake, na wadogo husema wametumwa. Mama wa bwana harusi aliambiwa, naye akasema hata kwao ni hivyo, na vita vimewafundisha kulitumia neno hilo mara nyingi.

Usiku wa kuamkia harusi nilimwona kalto ametutazama sana, mimi na ndugu yangu, tukiwa tunakunja nguo. "Nikuambieni basi nani anamfuata?" akauliza. "Nani wa pili, nani wa tatu?"

Tulikuwa tumeligombania miaka. Niliinua macho, ndugu yangu naye akainua.

"Malesh, kalto, acha tu," akasema. "Harusi kwanza."

Na mimi nikasema hivyohivyo. Mpaka leo hatujauliza, na kalto amechoka kutungoja.

Asubuhi bibi harusi alisimama nyuma ya kizingiti, amevaa gauni nililolishona mimi, kola yake imenyooka, mtu asiniambie kitu. Nje palikuwa na vigelegele, honi, na vumbi la watu wa upande ule waliokuja kumchukua. Kalto alishika kibakuli cha mafuta ya simsim. Tulichovya vidole pamoja. Nilimpaka kiganja cha kulia, ndugu yangu cha kushoto, na kwenye paji la uso vidole vyetu vikagongana.

Tulikuwa tumekubaliana maneno, ndugu yangu akaanza na mimi nikamfuata nyuma yake.

"Sisi, wadogo zake wa kwanza wa tumbo la mama yetu, tumetumwa naye tukufungulie mlango."

Wadogo zake. Sijawahi kuwa mdogo wa mtu. Nililitamka mbele ya watu wote wale, nikiwa na mvi zangu, na mabega yangu yakashuka yenyewe. Bibi harusi akavuka kizingiti. Watu wakakimbilia magari, na mimi nikaketi palepale sakafuni na mikono yenye mafuta, nikawaacha wengine wafunge nyumba, wahesabu watoto, wabebe masufuria.